Nilikatazwa maharage, nikaachiwa soda: chakula cha kila siku kwa mwenye jongo

Mwalimu Mstaafu

Wana jukwaa, salaam.

Kila Desemba inapokaribia, ndugu na marafiki wawili watatu hunipigia simu kwa sababu kidole gumba cha mguu kimewavimba usiku mmoja, na wote huuliza swali lile lile: nile nini, niache nini? Nimechoka kulijibu vipande vipande kwa simu, basi nimeona niliweke hapa kwa urefu wake. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa hesabu niliyestaafu, ninaishi na jongo tangu mwaka 2019, na nina tabia ya kuandika kila kitu katika daftari. Yaliyo ya kitabibu humu nimeyasoma na kuyauliza kwa wanaojua. Yaliyo ya maumivu nimeyaonja mwenyewe.

Shambulio la kwanza lilinikuta Marangu, kwetu Kilimanjaro, usiku wa kuamkia tarehe 26 Desemba. Tulikuwa tumepanda nyumbani kuhesabiwa, yaani kukutana na ukoo mwisho wa mwaka kama ilivyo ada yetu Wachaga, na kwa siku tatu mfululizo mbuzi walichinjwa, kisusio, ile supu ya damu, kikanywewa asubuhi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazungushwa mchana, na jioni bia zikafunguliwa kwa ajili ya wale waliosema mbege imewachosha. Nililala mzima. Saa nane za usiku niliamka nikidhani nimeng'atwa na mdudu, kumbe kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinawaka, kimevimba na kung'aa kama bilinganya, na shuka niliyojifunika ilikuwa nzito kama gunia la kahawa pale ilipogusa ukucha. Mke wangu alipokatiza chumbani, mtikisiko wa mbao za sakafu ulitosha kunipigisha kelele. Aliyewahi kuugua jongo atanielewa. Asiyewahi atadhani natia chumvi.

Jongo ni ugonjwa wa fuwele. Mwili hubomoa purini, ambazo zimo katika chembe hai zote, zetu sisi na za vyakula tunavyokula, na mabaki ya kubomolewa huko ni asidi ya yuriki. Figo hutoa karibu theluthi mbili ya asidi hiyo kwa njia ya mkojo, na iliyobaki hupitia utumbo. Figo zikizidiwa, asidi hujaa katika damu, na ikivuka kiasi cha maikromoli 400 hivi kwa lita huweza kuganda na kuwa fuwele zenye ncha kama sindano, ambazo hupenda kutulia katika viungo vilivyo mbali na joto la mwili, hasa kidole gumba cha mguu. Zinaweza kukaa humo kimya kwa miaka. Siku kinga ya mwili inapozishtukia, ndipo unapoipata ile bilinganya.

Jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia ni kwamba sehemu kubwa ya purini hizo, takriban theluthi mbili, hutoka katika chembe za mwili wenyewe wala si katika sahani. Kwa hiyo mtu anayekuahidi kwamba utapona kwa kubadili chakula peke yake anakudanganya, na anayekuambia kwamba chakula hakina maana yoyote naye anakudanganya kwa upande wa pili. Mlo uliopangwa vizuri kwa kawaida hushusha asidi kwa maikromoli 60 hivi. Kwa mwenye 420, hiyo ni tofauti kubwa. Kwa mwenye 560 kama nilivyokuwa mimi, hesabu inakataa.

Sasa nieleze nilikopotezwa. Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda kituo kimoja cha afya, nikapimwa damu mguu ukiwa bado umevimba, na nikaambiwa asidi yangu ni ya kawaida, kwa hiyo huenda ni baridi yabisi tu. Ilinichukua mwaka mzima kujua kwamba wakati wa shambulio kipimo hicho huweza kushuka kikaonekana kizuri, na kwamba hupaswa kurudiwa wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kutulia. Nilipewa vidonge vya kutuliza maumivu, diklofenaki, pamoja na karatasi iliyofifia kwa kutolewa nakala mara nyingi, iliyoorodhesha vyakula vya kuachwa: nyama nyekundu, maharage, njegere, mchicha, uyoga na nyanya. Soda haikutajwa. Supu haikutajwa. Bia ilikuwa mstari wa mwisho kabisa, na mbele yake pameandikwa "kwa kiasi".

Niliitii karatasi ile kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Niliacha kiburu, chakula nilichokulia, ndizi zilizopondwa na maharage, nikawa nakula wali na kuku na kabichi siku zote, na kwa kuwa nilikuwa nimeacha bia, jioni nilijipoza kwa soda mbili za baridi. Nyama nyekundu niliitafsiri kwamba ni ile ya kutafuna, hivyo asubuhi niliendelea kupitia kwa mama ntilie kunywa bakuli la supu na chapati, nikimwachia vipande vya nyama. Katika miezi minane nilishambuliwa mara nne.

Aliyenifungua macho ni daktari kijana wa kliniki nyingine, aliyenieleza kuhusu utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004. Watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12 ili kuona nani angeugua jongo. Waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi waliugua zaidi, lakini waliokula mboga na jamii ya kunde zenye purini, yaani maharage, njegere, mchicha na wenzake, hawakuugua zaidi ya wengine. Na waliotumia maziwa na mtindi, hasa usio na mafuta mengi, waliugua kidogo kuliko wote. Kwa wanaume hao hao ilionekana kwamba bia ndiyo iliyoongoza kwa hatari miongoni mwa vileo, ikifuatiwa na pombe kali. Mwaka 2008 takwimu zao zikaonyesha jambo jingine: waliokunywa soda za sukari mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 85 kuliko waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Nilitoka kwenye chumba kile nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Nilikuwa nimenyimwa maharage nikaachiwa soda.

Habari ya soda huwashangaza wengi kwa sababu haina purini hata chembe. Tatizo lake ni fruktosi, ambayo ni nusu ya sukari ya kawaida ya mezani. Ini linapoichakata fruktosi hutumia akiba yake ya nishati kwa pupa, na mabaki ya nishati hiyo iliyotumika huishia kuwa asidi ya yuriki. Hesabu hiyo inaihusu juisi ya miwa, inaihusu juisi ya boksi, na inaihusu asali pia, hata kama tumezoea kuiita dawa. Tunda lenyewe ukilitafuna ni habari nyingine, kwa kuwa sukari yake ni kidogo na huja polepole pamoja na nyuzinyuzi.

Supu nayo ina siri yake. Purini huyeyuka katika maji, kwa hiyo nyama inapochemshwa kwa muda mrefu sehemu ya purini zake huhamia kwenye mchuzi. Mimi niliyekuwa nasukuma nyama pembeni na kunywa supu, nilikuwa naacha kilicho afadhali na kunywa kibaya. Maini, figo na bandama vina purini nyingi kuliko nyama ya paja, na samaki wadogo wanaoliwa wazima, pamoja na matumbo yao, wamo katika kundi hilo hilo. Wakikaushwa, purini hujazana zaidi katika kila kijiko. Kuhusu mbege, sijawahi kuona mtu aliyeipima, lakini ni kileo kilichochachushwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na hamira yake hunywewa humo humo, wakati hamira ni mojawapo ya vitu vyenye purini nyingi. Mimi nimeiweka kundi moja na bia, na wazee wa nyumbani wananisamehe kwa shida.

Daftari langu lilifichua jambo ambalo hata daktari hakuwa ameliuliza. Nilikuwa naandika tarehe, nilichokula jana yake, maji niliyokunywa, na dawa. Nilipolipitia kwa utulivu niliona kwamba shambulio la kwanza lilikuja miezi mitano baada ya kuanzishiwa kidonge cha presha cha kukojosha, aina ya haidroklorothayazidi, na kwamba mashambulio matatu kati ya manne yaliyofuata yalitokea katika siku za joto kali nilizosafiri bila kunywa maji. Vidonge vya aina hiyo huzifanya figo zibakize asidi ya yuriki. Daktari alinibadilishia akanipa losatani, ambayo pamoja na kushusha presha husaidia kidogo kuitoa asidi hiyo. Tafadhali msisome hapa mkaenda kutupa vidonge vyenu vya presha. Kiharusi hakina subira kama jongo. Pelekeni orodha ya dawa zenu zote kwa daktari na muulize kuhusu kila moja.

Meza yangu ya leo ni hii. Asubuhi nakunywa kahawa isiyo na sukari, na hapa nacheka peke yangu, maana nimezaliwa katikati ya mibuni na nyumbani siku zote tulikuwa tunanywa chai ya sukari vijiko vitatu huku kahawa tukiipeleka mnadani; kumbe wanywaji wazuri wa kahawa wameonekana kuugua jongo kidogo kuliko wengine. Pamoja nayo napata kiazi kitamu au uji wa ulezi uliotiwa mtindi badala ya sukari. Mchana ni ugali au ndizi na maharage, choroko au kunde, mboga za majani bila hofu yoyote, na tunda moja, hasa pera au chungwa la kumenya. Nyama naila mara mbili kwa wiki, kipande kisichozidi kiganja changu bila vidole, na ikiwa imechemshwa siunywi mchuzi wake. Usiku sishibi sana. Glasi ya maziwa ya mgando haikosekani. Maji nakunywa mpaka mkojo uwe mweupe, na chupa moja hukaa kando ya kitanda, kwa sababu usiku ndipo mwili unapokauka na ndipo jongo linapopenda kubisha hodi. Nimepungua kilo tisa kwa mwaka mmoja na nusu, taratibu, kwani kujikondesha kwa pupa au kushinda na njaa hupandisha asidi badala ya kuishusha.

Matokeo kwa namba: kutoka 560 nilishuka hadi 490 kwa chakula na kubadilishiwa kidonge cha presha. Nilifurahi, lakini lengo ni chini ya 360, na kwa zaidi ya 400 fuwele zinaendelea kujengeka hata kama mguu hauumi. Hapo ndipo nilipokubali kuanza alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, miligramu 100 kwanza, ikaongezwa polepole kwa kupima damu. Sasa nipo 335. Sijashambuliwa kwa miezi ishirini na mbili.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Chamwino

Mkuu, shukrani kwa uzi. Lakini umesahau tiba za asili. Baba yangu mdogo anachanganya magadi na ndimu katika maji ya uvuguvugu kila asubuhi, na anasema jongo limekimbia. Kwa nini tumeze vidonge maisha yote wakati dawa tunazo jikoni?

Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, ndimu sina ugomvi nayo, iweke kwenye maji unywe. Magadi ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa kuwa yamejaa sodiamu, na wenye jongo wengi tuna presha vile vile. Kwamba maumivu yamekimbia si ushahidi wa kutosha, maana shambulio la jongo huisha lenyewe ndani ya wiki moja au mbili hata usipotumia kitu. Chochote ulichokuwa unakunywa siku hiyo kitapata sifa. Mpeleke baba mdogo akapime asidi, akapime na presha, kisha utuletee namba zote mbili hapa. Na kama hiyo dawa ya asubuhi inasindikizwa na diklofenaki ya kujinunulia duka la dawa, mwambie apime na figo.

Sista wa Wodi

Mwalimu ameeleza vizuri, naongeza mawili kutoka wodini. La kwanza, mgonjwa anapoanza alopurinoli anaweza kushambuliwa zaidi katika miezi ya mwanzo, kwa sababu fuwele za zamani zinaanza kuyeyuka. Wengi hapo ndipo wanapoitupa na kusema dawa imewazidishia ugonjwa. Daktari huweza kumpa kolchisini kwa dozi ndogo katika miezi hiyo ili kumkinga. Aliyekwisha kuizoea alopurinoli asiiache wakati wa shambulio. Aendelee nayo huku akitibiwa maumivu. La pili, ukiianza halafu ukatokwa na vipele mwilini, acha mara moja na uwahi hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Mvuvi wa Kisauni

Assalaam alaykum mwalimu. Huku kwetu Mombasa nyama si tatizo sana, tatizo letu ni bahari. Na pili, mwezi wa Ramadhani unakaribia. Mwaka jana nilifunga siku kumi tu, mguu ukanifunga mimi. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwa bahari, anza na kuwapunguza kamba, kome na samaki wadogo wa kuliwa wazima. Kipande cha changu au tafi mara mbili tatu kwa wiki si sawa na sahani ya kamba kila jioni.

Kuhusu saumu, yapo mawili yanayogongana mwilini. Maji yanapungua kwa zaidi ya saa kumi na mbili, na mwili unapochoma mafuta kwa kukosa chakula hutoa mabaki yanayoshindana na asidi ya yuriki kutoka kwenye figo. Halafu jioni tunafuturu kwa juisi ya sukari, tambi za sukari na kaimati zilizochovywa katika shira, yaani tunaongeza fruktosi juu ya kiu. Tende tatu na maji zinatosha kufungulia, kisha kunywa maji kidogo kidogo mpaka wakati wa daku, badala ya kumimina lita nzima kwa mkupuo mmoja. Lakini wewe ulishambuliwa siku ya kumi, kwa hiyo usisubiri mwezi uandame ndipo utafute daktari. Nenda sasa, ili kama ni dawa ya kushusha asidi, miezi yake ya mwanzo yenye vurugu iishe kabla.

Binti Pangani

Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana miaka 64, hajawahi kuonja pombe maishani mwake na nyama anakula sikukuu hadi sikukuu, lakini mguu wake umevimba tangu juzi na jirani anasema ni jongo. Nilidhani ni ugonjwa wa wanaume wanaokunywa bia. Chakula chake kikubwa ni dagaa, na ana kisukari na presha.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu, pole kwa kuuguza. Jongo halichagui matajiri wala walevi. Wanawake hulindwa na homoni zao hadi hedhi inapokoma, na baada ya hapo ulinzi huo hupungua, ndiyo maana wengi huanza kuugua wakiwa watu wazima kama mama. Figo zikichoshwa na kisukari na presha, asidi hupata mwanya zaidi.

Hata hivyo usikubali jina la ugonjwa kutoka kwa jirani. Mtu mwenye kisukari, akivimba mguu, anaweza kuwa na maambukizi ambayo hayangojei, hasa kama ana homa au kidonda hata kidogo kati ya vidole. Mpeleke leo, na kagueni nyayo zake kabla hamjatoka nyumbani. Beba vidonge vyake vyote vya presha ndani ya mfuko, hata vilivyobaki vya zamani, ili daktari avione kwa macho.

Dagaa tusimnyang'anye ghafla bila kumpa kingine, maana ndiyo protini yake na ndiyo anayoimudu. Abakize mara moja kwa wiki, kiasi cha mkono mmoja, awachemshe kwanza na kumwaga maji yale kabla ya kuwaunga, kwani sehemu ya purini na chumvi itakwenda na maji hayo. Siku nyingine apate kunde, choroko au maharage, yai, na mtindi usiotiwa sukari. Vyote hivyo kisukari chake kitavipokea vizuri, ilimradi wali au ugali wa pembeni usiwe mlima. Kama daktari amewahi kumwambia figo zake zimepungua nguvu, muulizeni kuhusu kiasi cha kunde na maziwa kabla ya kufuata meza yangu.

Wakimpima asidi leo na ikaonekana ya kawaida, msiishie hapo. Mrudishe baada ya wiki mbili mguu ukiwa umepoa, na karatasi ya majibu usiiache kituoni. Iombe, uondoke nayo, umwandikie tarehe juu yake.